Majora matatu ya bafta: safari ya arobaini ya Bibi, Nairobi hadi Amu

Siku ya kwanza, Jumapili. Nairobi hadi Mombasa

Bibi alifariki baada ya adhuhuri, na magharibi ikamkuta kaburini. Kwetu ndivyo, maiti hacheleweshwi. Mimi nilikuwa zamu Nairobi, na nilipompata wa kunishikia, Mjomba alishapiga simu kusema wamerudi kutoka mavani. Mazishi sikuyawahi. Hitima ya siku ya tatu, kisomo cha kumwombea, nayo sikuiwahi. Nikajiapiza kwamba arobaini haitanipita.

Najua wapo mashekhe wasioafiki arobaini, na sitaki kubishana nao. Bibi alizihudhuria zote za mtaani, na alipoulizwa alijibu kwamba kusoma Kurani na kulisha watu hakujamdhuru maiti yeyote.

Leo ni siku ya thelathini na sita. Nimepanda treni ya asubuhi kutoka Syokimau, ile inayosimama vituo vya njiani: Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Nina begi kubwa kuliko mahitaji yangu, na ndani yake mna buibui moja, madira mawili na dawa za presha za Mama. Nafasi iliyobaki nimeiacha makusudi. Mjomba aliniambia: "Kasha la Bibi yako limebaki na sanda moja, mwanangu. Ukija, pitia madukani Mombasa."

Nieleze kasha hilo ni nini. Bibi alikuwa mwosha maiti. Kwa zaidi ya miaka hamsini, mwanamke akifariki mtaani kwetu Langoni, mjini Amu, yaani Lamu, na mara nyingi hata mtaa wa pili wa Mkomani, mtu alitumwa kuja kugonga mlango wetu. Kazi hii haina mshahara, na yeye hakuwahi kupokea hata leso ya shukrani. Chumbani mwake palikuwa na kasha la mbao lenye misumari ya shaba, alilorithi kwa mama yake, na humo daima mlikuwa na bafta, kitambaa cheupe cha pamba, karafuu maiti, pamba, udi na marashi ya mawaridi. Aliyeweza kumnunulia mtu wake sanda alinunua. Asiyeweza, sanda ilitoka kashani, na nje ya chumba cha kuoshea hakuna aliyejua imetoka wapi. Pesa za kulijaza Bibi alizipata kwa kushona kofia za vito, tundu moja baada ya jingine, kofia moja ikimchukua mwezi na zaidi. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba zile kofia alizokuwa akizinamia dirishani hadi macho yakimtoka machozi, zote zilikuwa za watu waliokwisha kufa.

Tumepita Tsavo jua likiwa kali, abiria wamejazana madirishani wakitafuta ndovu. Mimi nilikuwa nikijaribu kuikumbuka sauti yake akitusomesha Juzuu Amma baada ya alasiri, sisi wasichana kumi na kitu juu ya jamvi, yeye na sindano yake. Alikuwa akitusahihisha bila kuinua kichwa. Ukikosea herufi, sindano ilisimama hewani.

Miritini nimefika saa tisa na zaidi. Khaloo, dada yake Mama, amenipokea kwake Kibokoni, na hatukulala mapema.

Siku ya pili, Jumatatu. Mombasa

Khaloo alinipeleka Mtaa wa Biashara kwa muuzaji ambaye Bibi alikuwa akimwagizia kwa miaka mingi. Ni mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, nyuma yake kanga zimepangwa hadi darini. Nilipotaja bafta, aliuliza:

"Ya kanzu au ya safari?"

Nikamwambia ya safari. Akasimama mwenyewe, hakumtuma kijana wake. Alishusha jora, akalifungua mkono mmoja, akaliinua kwenye mwanga wa mlango tuone mfumo wake. Kisha akanipa ncha.

"Jaribu. Bibi yako hakununua bila kujaribu."

Alikuwa amekwisha jua mimi ni nani, kwa kumwona Khaloo. Nikashika pembe ya kitambaa na kuvuta. Kikachanika kidogo, halafu kikaenda upande. Mzee akatikisa kichwa, akalirudisha jora lile juu na kushusha jingine. Bibi hakukata sanda kwa mkasi. Aliichana kwa mikono, na bafta nzuri kwake ilikuwa ile ichanikayo mstari mmoja kama iliyopigwa rula. Jora la tatu ndilo lililochanika hivyo, na katika aina hiyo nimechukua majora matatu, ya yadi 30 kila moja. Jora moja hutoa sanda mbili za watu wazima.

Sanda ya mwanamke ina vipande vitano, na katika kuandika haya nimeona niviandike, kwa sababu wenzangu wengi wa rika langu hatuvijui mpaka siku tunapovihitaji. Kuna shuka ya kiunoni, kuna kanzu isiyoshonwa ambayo hupasuliwa tundu la kichwa, kuna shungi, halafu mashuka mawili ya kumfunga mwili mzima. Kando ya hivyo huchanwa vitamba vyembamba vya kufungia, ambavyo hulegezwa akishalazwa kaburini.

Mzee alinipigia hesabu kwa bei aliyonunulia yeye. Nilipotaka kuongeza, akasema faida ya nguo hii haijui atakwenda kuitumia wapi. Tukatoka hapo tukapata karafuu maiti, vile vidonge vyeupe vinavyopanda puani kwa ubaridi, na udi, na chupa nne za marashi. Majani ya mkunazi hatukununua. Amu yapo.

Usiku Khaloo alinihadithia jambo nililokuwa silijui. Mwaka 1997, wakati wa mvua za El Niño, Bibi alikuwa Mombasa akimuuguza yeye baada ya uzazi. Mto Tana ukafurika, barabara ya Garsen ikakatika, Bibi akashindwa kurudi kwa wiki kadhaa. Hakulalamikia kitu isipokuwa kimoja. Kila baada ya isha alikuwa akiuliza, kama mtu aliyeacha chungu motoni: "Akifa mtu, ataoshwa na nani?"

Siku ya tatu, Jumanne. Mombasa hadi Amu

Basi limeondoka Mwembe Tayari bado giza. Kilifi, Malindi, kisha Gongoni na mashamba yake ya chumvi yaking'aa meupe pembeni. Garsen tumevuka Tana, maji mazito ya rangi ya udongo, nami nikamfikiria Bibi akizuiwa na mto huu.

Baada ya Garsen safari hubadilika. Wasafiri wa njia hii wanajua: kuna vizuizi, mnashuka, mnapanga mstari, vitambulisho mkononi, mizigo inafunguliwa. Watu wa Amu tumezoea kwa namna mtu anavyozoea jino bovu. Kwenye kizuizi cha Gamba, askari kijana, kwa matamshi yake mtu wa bara, alifungua begi langu na kukuta bafta tupu.

"Hii ni ya biashara, mama?"

"Ni ya sanda."

Alinyamaza. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika jora la juu. Akaliweka chini polepole kwa mikono miwili, akafuta vumbi alilokuwa ameliacha na kidole, akafunga zipu mwenyewe. "Poleni sana," akasema, na begi akalirudisha yeye hadi ndani ya basi. Nimemwombea dua huyo kijana, na mama yake aliyemlea.

Witu, Hindi, Mokowe. Gatini mabaharia wakagombania mizigo kama kawaida. Boti ilipotoka kwenye mikoko na mji ukaonekana mbele, nyumba nyeupe zimesimama ukingoni mwa maji, nililia kwa mara ya kwanza tangu siku ya simu. Mtu ukiishi mbali hujidanganya kwamba aliyekufa yupo nyumbani na ni wewe tu hujaenda kumwona. Sasa nilikuwa nakwenda.

Kijana wa punda alibeba begi. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ni ule ule mwembamba wa kupishana kwa mabega, na kila baraza niliyopita palitoka sauti ya pole: makiwa, mjukuu wa Mwana, makiwa. Mwana ndivyo walivyomwita Bibi. Wengine sikuwafahamu. Mlangoni Mama alinishika uso kwa mikono miwili, hakusema neno.

Siku ya nne, Jumatano. Nyumbani

Asubuhi yote ni mchele. Sinia nne uani, wanawake wamezunguka kila moja wakichambua, na kazi hiyo ndiyo iliyotoa mazungumzo ambayo sitayasahau.

Nianze na nililolikuta. Bibi alihiji mwaka 1986. Kama wafanyavyo mahujaji wengi, alirudi na sanda yake mwenyewe aliyoitia maji ya Zamzam, akaikunja ndani ya kitambaa cha kijani na kuilaza chini kabisa ya kasha. Sisi watoto tulikatazwa kukigusa kitambaa hicho. Mama zetu walijua: siku yake ikifika, ni hiyo. Siku ilipofika, walifungua kasha wakakuta kitambaa cha kijani kimekunjwa vizuri mahali pake, na ndani hamna kitu. Bibi akavishwa bafta ya kawaida, ile ile aliyowavisha watu wote. Mama amekaa na jambo hili siku thelathini na tisa. Alidhani imeibwa. Zaidi ya yote, alidhani ameshindwa kumtimizia mama yake ombi moja.

Aliyemwosha Bibi ni mama wa mofa. Mtaani tunamwita hivyo kwa sababu ya mikate yake, ile ya duara inayobandikwa kwenye ukuta wa tanuri, ambayo hadi leo anaipika alfajiri na kuiuza mlangoni pake. Alikuwa mwanafunzi wa Bibi tangu chuo cha Kurani, halafu akawa mshika bakuli lake, na mwaka ule wa mafuriko ndipo alipoosha peke yake kwa mara ya kwanza. Leo alikuja na kikapu cha mikate, akakaa kwenye sinia yetu. Mama, kwa sauti ya chini, akasema tena habari ya sanda.

Mama wa mofa akaacha kuchambua.

"Ya maiti sisemi," akasema. "Alinifundisha hivyo. Lakini hili ni lake yeye, na yeye yuko mbele ya haki. Nitasema."

Ilikuwa mwaka 1992. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka mwaka mmoja kabla, vita vimefika Kismayu, na Wabajuni walikuwa wakikimbia visiwa vyao kwa mashua, wakishuka pwani hii yote kuanzia Kiunga kuja chini. Watu wa Amu walipokea ndugu na wasio ndugu. Nyumba yetu nilikumbuka ilijaa wageni wakati huo, tulilala watoto sita kwenye kitanda kimoja cha kamba, na Bibi akipika kwa sufuria ya harusi. Hilo nililijua. Hili jingine sikulijua.

Usiku mmoja mashua ilifika na mwanamke aliyekuwa hoi. Alikuwa peke yake, wenzake wa mashua walimchukua njiani na hawakumjua ni wa nani. Kabla ya kucha akafariki. Bibi na mama wa mofa, wakati huo bado msichana, wakaitwa. Mashua ile haikuwa ya kwanza, na kasha lilikuwa limekwisha. Maduka yamefungwa.

"Alinituma nyumbani," mama wa mofa akasema. "Akaniambia, ndani ya kasha, chini kabisa, niletee ile ya kijani. Nikamwambia, Mwana, ile si yako? Akaniangalia. Akasema: yangu haijafika siku yake, ya huyu imefika."

Wakamwosha. Walimfunika kwa shuka muda wote, kwa sababu mwosha hafunui. Mkono hupita chini ya nguo. Wakaanza upande wa kulia na viungo vya udhu, maji yenye majani ya mkunazi kwanza, na ya mwisho yenye karafuu maiti. Nywele walizisuka mikia mitatu, wakailaza nyuma. Kisha wakamvisha ile iliyokuwa imetiwa Zamzam. Asubuhi wanaume walimsalia na kumzika, na Bibi akarudi nyumbani akaosha kitambaa cha kijani, akakianika, akakikunja, akakirudisha chini ya kasha.

Miaka ikapita na sisi tukaendelea kuambiwa tusikiguse.

Hakuna aliyesema kitu pale sinia. Mama aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja, jingine, vidole vikitetemeka. Halafu akauliza: "Mbona hakwenda kununua nyingine? Zamzam huletwa kila mwaka."

"Nilimuuliza hayo hayo," mama wa mofa akajibu. "Alisema amekwisha kuitoa, na Mwenyezi Mungu anajua iko wapi."

Nimekuwa nikimfikiria Bibi kama mtu wa ibada nyingi, na ni kweli, tahajudi, sala ya usiku, haikumpita na Jumatatu na Alhamisi alifunga. Lakini leo nimeona kwamba sikuijua ibada yake kubwa, na haikuwa bahati mbaya kwamba sikuijua. Alijua kuficha. Katika mji mdogo kama huu, ambapo mtu akipiga chafya Mkomani, Langoni wanamwambia apone, yeye aliingia vyumba vya watu katika saa yao ya mwisho ya aibu zote, kwa zaidi ya nusu karne, na hakuna hata neno moja lililotoka. Nilimuuliza nikiwa na miaka kumi na mbili, kwa utundu, kwamba maiti anafananaje. Akanijibu kwa Kiamu chake: "Mato yangu yaliona. Kanwa langu halikuwako." Yaani macho yaliona, kinywa hakikuwako.

Baada ya alasiri tumelifungua kasha, Mama, Khaloo aliyefika kwa basi la leo, mama wa mofa na mimi. Nikaingiza majora matatu. Kile kitambaa cha kijani Mama alikishika muda mrefu, akakinusa, akakilaza chini kabisa kama kilivyokuwa.

Siku ya tano, Alhamisi. Hitima

Siku ya shughuli haiandikiki, mikono haipumziki. Juzuu 30 ziligawiwa wanaume uani na msikitini, na nyingine tukasoma sisi wanawake orofa ya juu. Ukimaliza yako unamsaidia aliyebaki nyuma. Yasini ilisomwa kwa pamoja, na katikati yake nikasikia pengo pale ambapo sauti yake ilikuwa ikiingia, nzito kidogo, ikivuta madda mpaka mwisho wake. Halua ilitoka, kahawa ikatoka, pilau ikaliwa, na watoto wa chuo wakapewa ya kubeba.

Walikuja wanawake wengi tusiowafahamu. Mmoja ametoka Matondoni, amefika kwa punda na mtoto mgongoni. Wawili wametoka Shela. Hawakueleza ni kwa nini wamekuja, wala sisi hatukuuliza. Walikaa, wakasoma, wakala, wakaondoka. Yule wa Matondoni tu, akishuka ngazi, alishika ukuta wa nyumba kwa kiganja, akakaa hivyo kitambo, kama mtu anayempa mwenziwe mkono wa kwaheri.

Mjomba alinieleza kaburi lilipo, upande gani wa mti gani. Sisi wanawake hatusindikizi jeneza, lakini sasa najua.

Siku ya sita, Ijumaa

Nilikuwa nimepanga kuondoka na boti ya kwanza. Kabla ya adhana ya alfajiri mlango uligongwa, mara tatu, kimya, mara tatu tena. Nilikuwa macho. Katika miaka yote ya utoto wangu nilisikia ugongaji huo nikageukia upande wa pili na kulala, kwa sababu palikuwa na mtu wa kuuitikia.

Alikuwa kijana ameshika tochi ya simu. Akataja nyumba. Nikampeleka kwa mama wa mofa, ambaye tayari alikuwa na unga mikononi. Akaufunika, akanawa, akachukua buibui.

Tulirudi nyumbani kwanza. Mama alikuwa amekwisha kuwasha taa na kulifungua kasha. Ile sanda moja iliyobaki ya Bibi ikatolewa, na mama wa mofa alipoipima kwa mkono akaona haitoshi vipande vyote, mashuka mawili ya juu yamepungua. Akavuta jora langu la kwanza, akalifungua sakafuni, akapima, akatia alama kwa kucha.

"Ndoo," yaani njoo, akaniambia. "Shika hapa. Usivute kwa nguvu, vuta sawa."

Jina la marehemu sitalitaja, wala chochote nilichokiona baadaye kwenye chumba kile nilipokuwa nimeshika bakuli la maji. Boti ya kwanza iliondoka bila mimi.

Nilishika pale aliponionyesha, yeye akashika upande wa pili, Mama akaweka taa karibu. Tukavuta. Bafta ikachanika mstari mmoja hadi mwisho, na ile sauti yake nikaijua: niliisikia usiku mwingi nikiwa mtoto, kupitia ukutani, na sikuwahi kuuliza ni ya nini.